Kopo la Unga kwa Aliyeanguka

Kwetu Kalemie, anayefaulu mtihani wa Serikali humwagiwa pudri, ile poda ya kujipaka, kichwani. Ndugu zake humpaka mpaka kwenye nyusi, kisha hutembezwa mtaani akiwa mweupe ili kila mtu aone. Miaka ya vita pudri iliadimika, basi watu walitumia unga wa muhogo, bunga kwa Kiswahili chetu, wale waliokuwa nao.

Nilimwagiza mama aniwekee kopo moja mapema. Sikumwomba, nilimwagiza. Nilikuwa wa kwanza darasani tangu shule ya msingi, wasiwasi ungetoka wapi? Barabara ya Niemba ilifungwa na askari, muhogo haukuingia mjini, na mama, mjane aliyeuza dagaa sokoni, alitupikia bukari, ugali wetu wa muhogo, mara moja kwa siku, mimi na wadogo zangu wawili. Hata hivyo alilifunika kopo lile akaliweka juu ya kabati. Wadogo zangu walilitazama kila siku. Mimi nilijiona nastahili.

Mungu naye nilimhesabu upande wangu kwa namna hiyo hiyo. Nilifunga siku tatu kabla ya mtihani, niliimba kwaya, nilifundisha shule ya Jumapili. Habari za neema niliwaeleza watoto vizuri sana, kwa mifano. Ila moyoni niliiona ni kitu cha wale wasiojiweza.

Jumamosi moja orodha ikabandikwa kwenye ukuta wa shule. Niliisoma mara tatu. Hata wenzangu niliokuwa nikiwasaidia hesabu walikuwamo. Mimi sikuwamo.

Nilirudi nyumbani na hasira, si machozi. "Nimeanguka," nikamwambia mama. "Ile bunga pika, watoto wakule." Nikajilaza nikiutazama ukuta, na niseme ukweli, niliogopa. Kama si wa kwanza, basi nilikuwa nani?

Jumapili asubuhi nilikaa uani, nimeshaapa kwamba kanisani siendi. Mama akanijia kwa nyuma. Nikasikia kitu kikavu, laini, kikinishuka shingoni. Alinimwagia kopo zima.

Niliruka. "Mama! Sikufaulu! Unaharibu chakula!"

"Najua. Uliniambia jana."

"Watu watacheka."

"Wacheke. Hii bunga niliwekea mutoto yangu. Sikusema ni ya diplome."

Ndoo ya maji ilikuwa pale pale, na mkono wangu ulikuwa umeshaishika kata. Lakini wadogo zangu walisimama mlangoni na njaa yao, wakiutazama unga kichwani mwangu, na hawakunung'unika. Yule wa mwisho akaanza kupiga makofi. Nilishindwa kunawa.

Njiani mama mmoja wa kwaya alipiga vigelegele aliponiona. "Sikufaulu, Mama," nikamwambia. Akaniangalia kichwa, akamwangalia mama yangu. "Sasa hii bunga ni ya nini?" Nikaongeza mwendo.

Kanisani mchungaji aliwaita waliofaulu waje mbele kutoa shukrani. Wakaenda, weupe, na mama zao nyuma yao wakicheza. Watu wa benchi langu wakanisukuma niende. Nikasimama pale pale nikasema kwa sauti, "Mimi nilianguka. Mama amenimwagia hivi hivi tu."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo mama akatoka kwenye benchi la wanawake. Alikwenda mpaka mbele, akaingia katikati ya mama wa waliofaulu, akacheza nao, mwanamke ambaye tangu jana hakuwa ametia kitu tumboni, huku akininyooshea kidole na kupaza sauti kwamba wake ndiye mimi, "Wangu njo ule! Wangu njo ule!"

Nikalia mbele ya watu wote. Halafu nikamfuata, nikacheza naye, sina diploma, unga na machozi vimenigandia usoni. Mchana ule nyumbani hatukula, na hakuna aliyenilaumu.