Kuku wa Oktoba

Delmar Tveit amekuwa jirani yangu miaka thelathini na minane, na katika miaka yote hiyo sijaona mwanamume anayetia kinyaa kama yeye akiwa mbele ya jiko lake. Makamasi humgandia masharubuni. Yakipata joto la jiko huyeyuka, naye huyapangusa kwa glavu, na glavu hiyohiyo ndiyo hugeuzia nyama. Anaonja kwa kidole, anakilamba, anakirudisha. Ovaroli yake ukiivua unaweza kuisimamisha ukutani ikasimama yenyewe kwa mafuta. Nami nimekula nyama hiyo miaka tisa, nikiomba niongezwe, kwa hiyo kama kuna wa kuonewa kinyaa sijui tuanze na nani.

Kabla hajastaafu aliendesha lori la kusukuma theluji hapa Torvik, mji wetu ulio karibu na mpaka wa Kanada. Wenzake walipomuaga walimpa jiko la mkaa la kauri, lile la umbo la yai, rangi ya damu ya mzee, zito kama ndama. Wanaume wanne waliliweka kwenye baraza yake ya nyuma, mkabala na dirisha la jikoni kwangu. Tangu siku hiyo hakuna baridi iliyomzuia. Watu wanavunjika meno kwa kutetemeka, yeye yuko nje na kofia yake ya masikio, anahubiri.

"Kauri iliyoganda haikimbizwi," alikuwa akimwambia yeyote aliyesimama hata kwa bahati mbaya. "Moto kidogo kwanza. Tundu la hewa la chini upana wa kidole, nusu saa usiguse. Ukiharakisha inapasuka, na ikipasuka utalia wewe, jiko halilii."

Alikuwa na sheria zake nyingine. Maji ya moto ni mwiko. Sabuni ni mwiko zaidi, maana kauri inainywa na kesho utaila kwenye nyama. Ule utepe wa gasketi unaozunguka mdomo wa jiko lazima uupanguse ukauke kabla ya kufunga, la sivyo unaganda, na ukivuta mfuniko unachanika. Na ukimaliza kupika, funga tundu la juu, funga la chini, moto ufe, mkaa uliobaki ukufae kesho. Kuacha mkaa uungue bure kwake ilikuwa dhambi. Mkewe LaVonne alikuwa akimtania, "Ungeniweka mimi humo nisiishe haraka."

LaVonne alifariki Jumapili moja katikati ya Oktoba, ghafla, kwenye sakafu ya jikoni.

Tulimzika vizuri. Tulipeleka vyakula, kila nyumba bakuli la viazi na nyama ya kusaga lililookwa, mpaka jokofu la Delmar likashindwa kufunga. Kisha kikaja kijoto cha siku chache, kama wiki mbili baada ya mazishi, na upepo ukaanza kuvuma kutoka kwake. Nilidhani kuna mnyama amekufa chini ya baraza. Siku ya pili nikajua ni jiko. Ilikuwa harufu ya kitu kilichooza na kutulia, nzito, inayokaa kooni. Nzi walikuwa wamejaa juu ya mfuniko, nzi wa mwisho wa mwaka, wavivu na wanene.

Nilifunga dirisha, nikaoka bakuli jingine la viazi, nikampelekea. Tulizungumza juu ya theluji inayokuja.

Huku kwetu mtu hamwambii jirani yake kwamba ananuka. Unampelekea chakula. Mchungaji alikuja, akasimama barazani palepale akihema kwa mdomo, akasema hali ya hewa si mbaya sana. Waliokuwa wakifanya naye kazi walikuja wanne, wakageuza nyuso upande wa mtaa, wakasema si mbaya sana. Sote tulikuwa na pua. Novemba baridi ikashika, harufu ikafa, na nakiri nilimshukuru Mungu kuliko nilivyomshukuru kwa lolote mwaka ule. Delmar hakulisogelea jiko tena. Lilikaa pale na kilemba cha theluji kichwani.

Mwezi wa kwanza bintiye Renae akanipigia simu kutoka Minneapolis.

"Arlys, niambie ukweli. Baba anasema kila Jumapili anachoma mbavu. Kweli?"

Nilikuwa nimesimama dirishani. Theluji juu ya jiko ilikuwa futi moja na nusu, haijaguswa hata na ndege.

"Ah, anajimudu," nikasema.

"Nakuja Jumamosi. Nimechukua fomu za nyumba ya wazee kule Fargo. Nikimkuta anapika, anajitunza kama zamani, nazichana. Nikikuta ananidanganya, anasaini kabla theluji haijayeyuka. Siwezi kukaa kila usiku nikiwaza amelala sakafuni kama mama."

Ijumaa mchana Delmar akabisha mlangoni kwangu. Alikuwa na koleo la theluji mkononi, na alinuka. Acha nisizunguke: sweta ilikuwa ileile ya mazishi.

"Una ile draya ya nywele?" akauliza.

"Unaenda saluni?"

"Jiko limeganda."

Nilivaa makoti mawili nikatoka naye. Nyuzi zilikuwa ishirini na mbili chini ya sifuri. Tulivuta waya wa umeme kupitia dirisha lake, nikashika draya, yeye akakwangua barafu. Nikazungusha ile draya mdomoni mwa jiko polepole, kipande kwa kipande, huku akinifokea.

"Usikae sehemu moja! Unataka lipasuke?"

"Tukilimwagia birika la maji ya moto tutamaliza mara moja."

"Jaribu uone. Nitakuzika hapahapa barazani."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Oktoba kumsikia akisema kitu chenye chumvi. Nikaona pia kwamba tundu la juu limefungwa sawasawa, na la chini vilevile. Nikajiuliza ni nani aliyelifunga, maana Jumapili ile aliyokufa LaVonne jiko lilikuwa na moto, nilikuwa nimeuona moshi. Lakini sikuuliza. Sisi hatuulizi.

Gasketi ikaachia kwa mlio kama plasta inayobanduliwa. Akainua mfuniko.

Alikuwa kuku. Yaani aliwahi kuwa kuku. Alikaa katikati ya wavu, mzima, amejikunyata, amevaa manyoya ya ukungu, meupe juu, ya kijani mbavuni, meusi chini. Ukungu ulikuwa umepanda kuta za kauri mpaka kwenye mfuniko. Mafuta yaliyokuwa yamevuja yaliganda na funza ndani yake, wamekakamaa kama punje za mchele. Kwapani mwa kuku palikuwa na vipande vya limau. Ile draya ilikuwa imepasha hewa ya ndani kidogo tu, na hiyo kidogo ilitosha. Nikageuka, nikatapika kwenye theluji chakula changu chote cha mchana.

"LaVonne ndiye aliyetaka limau," Delmar akasema nyuma yangu.

Nikapangusa mdomo kwa theluji safi. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua niipeleke wapi. "Miezi mitatu, Delmar! Miezi mitatu unamtazama huyu kuku kila asubuhi ukinywa kahawa?"

"Nilikuwa nimefunika."

"Lete mfuko wa taka. Miwili. Na koleo la kushikia nyama, mimi sigusi kwa mkono, hata uniue."

Alimtoa yeye mwenyewe. Nilidhani atalia, hakulia. Alimtazama tu kuku akiteleza mfukoni na kutoa sauti ya jiwe. Mkaa wa zamani tukautupa wote, ulikuwa umenywa uvundo. Nyavu nikaenda kuzichemsha kwangu, na sufuria ile sitaipikia tena maishani. Nikarudi na brashi na sabuni.

"Sabuni hapana!"

"Kuna funza humu, we mzee!"

"Moto unatosha. Moto hausahau kona." Akakwangua kwa brashi ya waya, kavu, mpaka magamba ya kijani yakamjaa mikononi. Kisha akawasha vipande vichache vya mkaa, tundu la chini upana wa kidole, akangoja nusu saa, akaongeza kidogo, akangoja. Saa moja na nusu baadaye jiko lilikuwa jekundu tumboni na moshi wa njano ukitoka juu, unaonuka vibaya kuliko kuku mwenyewe. Tukasimama upande wa upepo. Ulipogeuka mweupe, halafu ukapotea kabisa, Delmar akavuta pumzi kwa pua, akatikisa kichwa kukubali.

"Renae asijue," akasema.

"Mimi sijaona kitu," nikasema. Mwongo na mwongo mwenzake.

Jumamosi Renae alifika adhuhuri. Kufikia saa kumi na moja na nusu jioni tulikuwa mezani, watatu, na bega la nguruwe limekaa katikati, limeiva mpaka linaachana kwa uma. Delmar alikuwa amekoga. Nje jiko lilikuwa bado likifuka kidogo, matundu yote wazi. Alikuwa ameacha mbavu za kesho zimalizie kuiva humo. Renae alikula sahani mbili. Kila alipotafuna nilimwona kuku. Nilimeza vipande vitatu kwa maziwa, nikijilazimisha.

"Kumbe kweli," Renae akasema, macho yamemlegea kwa furaha. Akatoa bahasha ya zile fomu kwenye mkoba akaiweka kando ya sahani. "Kila Jumapili namna hii, baba? Tangu mama afe?"

"Si mbaya sana," Delmar akasema.

Renae akaishika bahasha kwa mikono miwili tayari kuichana, na mimi nilitakiwa tu ninywe maziwa yangu. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Nilijiona mwakani nikisimama dirishani na harufu nyingine ikivuma, na safari hii si ya kuku, nami nikifunga dirisha na kwenda kuoka viazi. Nikajichukia.

"Usichane," nikasema. "Anakudanganya. Nami nilikudanganya. Jiko hilo limefunguliwa jana. Ndani mlikuwa na kuku wa siku aliyokufa mama yako, ameoza. Nilimnusa tangu Oktoba. Mji mzima ulimnusa."

Renae akanitazama kana kwamba nimemtemea mate. "Na hukusema?"

"Sikusema."

"Nilikuona ukifunga dirisha, Arlys," Delmar akasema taratibu. Hakuwa na kisirani. "Nilikuwa nimekaa hapahapa. Nikasema, labda atakuja aseme. Ukaja na viazi."

Hapo sikuwa na pa kuuweka uso wangu.

"Lakini baba, kuku tu?" Renae akauliza. "Ulishindwa kutoa kuku?"

Delmar alisukuma sahani yake. Aliongea akiitazama meza. "Nilipiga simu, wakasema gari la wagonjwa linafika baada ya dakika ishirini. Alikuwa anapumua. Nilimshika mkono. Nikawaza, nitaondoka naye kwenye gari, na jiko lina moto. Nikatoka kwenda kulifunga. Juu, kisha chini. Mvua ilikuwa inanyunya, gasketi imelowa. Nikaipangusa." Akachora duara mezani kwa kidole. "Nikaipangusa yote, Renae, mzunguko mzima. Niliporudi alikuwa ameshakwenda."

Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba ile harufu ilikuwa ikimnukia yeye kuliko sisi wote, na kwamba hakuwa akimwogopa kuku. Alikuwa akiuogopa ule mfuniko, uliofungwa vizuri namna ile.

"Mama mwenyewe angekutuma ukalifunge," Renae akasema, machozi yakimshuka.

"Angenituma," Delmar akasema. "Lakini hakunituma."

Renae alilia kwa muda mrefu. Kisha akapenga kamasi kwenye kitambaa cha meza, mtoto wa baba yake kabisa, akairudisha bahasha kwenye mkoba bila kuichana. "Fargo itangoja. Lakini Jumapili sikupigii wewe, nampigia Arlys. Na wewe Arlys, ukiniambia tena anajimudu, nitakuja nikupeleke wewe."

"Nitaingia humu kila siku nimwambie kinachonuka," nikasema. "Nianze leo?"

"Anza," Delmar akasema.

"Ile sweta umeikunja ukaificha nyuma ya mlango wa bafu. Choma moto. Na jokofu lako, bakuli langu la Oktoba bado limo, na limeota nywele."

Akacheka, kicheko kibovu chenye kohozi ndani yake, na Renae akacheka huku analia, kisha akatoka akaziingiza ndani zile mbavu, zimeshaiva, akarudi kukaa. Ndipo Delmar alipogeuza kichwa kuelekea mlango wa nyuma. Nje moto ulikuwa ukiendelea bila kitu juu yake. Akaweka mikono mezani akaanza kuinuka, kama anavyoinuka siku zote.

"Unakwenda wapi?" Renae akauliza.

"Kufunga jiko."

Akamshika mkono. "Acha liungue, baba. Kaa."

Alibaki hivyo, magoti yamekunjwa nusu, akitazama mlango. Nilijua kinachomuuma; ulikuwa mkaa mzuri, karibu mfuko mzima, na matundu yakiachwa wazi ungeungua wote bure.

Akakaa.