Kuku wa Goti la Mama

Harufu ya mawese yakipashwa moto hunirudisha Kashikishi, mji wetu wa wavuvi kando ya ziwa, hata leo, na hainirudishi kwa furaha. Ndiyo iliyojaa nyumba yetu mwaka ule mama alipolala mkekani, goti limevimba kama boga.

Mama alikuwa mchuuzi wa samaki, Mkongo wa Pweto, upande wa pili wa ziwa, mjane mwenye watoto wawili: mimi, binti wa miaka tisa, na mdogo wangu wa kiume. Kila mwaka serikali hufunga ziwa kwa miezi kadhaa ili samaki wazaliane, na mchuuzi asiyeonekana ufukweni siku ya kufunguliwa, wavuvi humpa mwingine nafasi yake. Mama alizoea kusema kwamba tumbo halifungwi kama ziwa. Kwa hiyo aliuza mihogo, na siku moja, akishuka mtumbwini na gunia kichwani, mguu ulinasa topeni, mwili ukageuka, goti likabaki. Kliniki walisema mfupa ni mzima, ila kano zimechanika. Wakampa vidonge vya maumivu.

Tukamwita Bana Mwape, bibi wa Kibemba aliyejua kutengeneza viungo. Alipasha majani ya mbono, akayapaka mawese, akalifunga goti kwa matete na kamba za gome. Kisha akaomba kuku. Alimtegua goti la kulia, kama la mama, mbele ya macho yetu, akamfunga kwa dawa ileile. Mlio ule ningali nausikia.

“Mutoto, chunga hii kuku,” aliniambia. “Siku hii kuku itatembea muzuri, na mama yako atasimama. Kama ile siku haijafika, hapana kusimama.”

Basi nikajiona daktari kamili. Nilimlisha unga wa mihogo na vichwa vya chisense, dagaa wa kwetu, na nilikataa kucheza na watoto wasio na mgonjwa.

Wiki ya tatu nilisahau kufunga mlango. Mama alikuwa amezama katika usingizi wa vidonge, na mbwa akamkuta kuku asiyeweza kukimbia. Nilizika manyoya nyuma ya choo. Kiboko nilikiogopa, ndiyo, lakini zaidi niliamini kwamba kuku akifa, mguu wa mama utaoza. Tulikuwa na kuku mwingine, mweusi kama yule, mzima wa afya. Nikamfunga mguu vilevile, nikamweka pale pale.

Bana Mwape alirudi siku mbili kabla ya ziwa kufunguliwa. Alipomfungua, kuku alitoka mbio hadi uani.

“Imepona mbio sana hii,” alisema, akikuna kichwa.

Mama alimtazama kuku, kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu. “Basi nisimame,” akasema.

Alisimama. Siku ya kufunguliwa alikuwa ufukweni na beseni la samaki kichwani, na hapo hapo goti likamtoka. Hakubeba tena mzigo maishani. Mdogo wangu aliacha shule akaingia ziwani kuvua, na mama akawa mtu wa fimbo.

Ukubwani, tabibu mmoja wa viungo hospitalini kule Mansa alinieleza kwamba kano nyingi za namna ile hujiunga zenyewe bila kisu, mradi zifungwe na kupewa muda. Kuku hakuwa mchawi wala dawa. Alikuwa njia ya kumlaza chini mtu mwenye haraka. Na mimi nilikuwa nimemwibia mama siku zake za kupona.

Nilimwendea mama kuungama. Alikuwa akichambua maharagwe.

“Nilijuaka,” alisema. “Ile ya kwanza ilikosa ukucha moja. Nililala nayo nyumba moja, nitakosa kuijua?”

“Sasa sababu gani ulisimama, Mama?”

“Ziwa ilikuwa inafunguka. Na nyinyi mulikuwa munalala na njala.”

Akaendelea na maharagwe yake. Miaka yote nilidhani nimemdanganya. Kumbe nilimpa tu kisingizio alichokihitaji, na hilo halijanipunguzia uzito hata kidogo.