Kikapu cha Hajati Halimah

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijakausha maji yaliyonyunyizwa kwenye mboga, Hajati Halimah huteremka soko la Nakasero, katikati ya Kampala, akiwa na kikapu na mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu. Kikapu hubebwa na mwanafunzi. Halimah ni Mnubi wa mtaa wa Kamwokya, mjane mwenye ulimi mkali, na amepima dawa maabarani karibu umri wake wote wa kazi. Hajapata kumpigia mtu simu kumwombea kijana nafasi. Wengi humlaumu kwa hilo. Yeye husema mtoto akiingizwa kwa simu atabaki mtoto wa Halimah mpaka astaafu.

Nimeishi mji huu kiasi cha kutosha kuona vijana wenye akili wakizeeka mbele ya milango ambayo hawakufundishwa kuigonga. Halimah huwafundisha kuigonga sokoni, maana wakubwa wa ofisi zilizo kilimani juu ya soko hununua nyanya hapo. “Ofisini kuna meza kati yenu,” huwaambia. “Hapa ameshika fungu la mchicha, hana pa kujificha.”

Mwaka jana alimleta Aryemo, binti wa sajini Olal, aliyezaliwa na kukulia kambi ya polisi. Alikuwa mwaka wa mwisho wa kemia, na chuo kilimtaka apate maabara ya kumpokea kwa mafunzo ya vitendo kabla mwezi haujaisha. Asipopata, wenzake wangehitimu yeye akibaki.

Hajati alikuwa amemlenga Abdul-Latif, mkuu wa maabara moja ya maji. Walimkuta kwenye maparachichi. Halimah akamsalimu, akageuka amtambulishe msichana, asimwone ubavuni. Aryemo alikuwa amesimama nyuma kidogo, mgongo wima, kikapu kwapani, macho yakipekua umati kulia na kushoto. Kambini ukiongozana na mkubwa unakaa nyuma yake, na akizungumza na mkubwa mwenzake unatazama pembeni. Ndivyo alivyomwona baba yake akifanya siku zote.

“Hajati, siku hizi umepewa mlinzi?” Abdul-Latif alicheka. “Umekuwa waziri bila kutuambia?”

Alipomuuliza Aryemo anahitaji nini, msichana alitaja jina, chuo na mwaka wa masomo, kama anayetoa taarifa kwa mkuu wa zamu. Kwao, mtoto anayemwomba mkubwa kitu humwaibisha mzazi wake. “Hakuna kingine, afande,” akamaliza. Abdul-Latif akachukua maparachichi yake, akaenda.

Wakati wa kurudi Aryemo alilia bila sauti, akamsihi Hajati apige simu, moja tu. Hajati akakataa. Niliposimuliwa niliona ni ukatili, mpaka Halimah mwenyewe aliponiambia kwamba juma lile lote chakula hakikumpita kooni.

Jumamosi iliyofuata, penye lango la soko, alimpokonya msichana kikapu. “Leo mlinzi ni mimi,” akasema. “Tangulia.”

Kumwacha mtu mzima nyuma, tena na mzigo, kulimchoma Aryemo. Lakini amri ni amri, na Halimah alikuwa ametegemea hilo hilo. Msichana akatangulia.

Abdul-Latif alikuwa anachagua ndizi. Aryemo alimsalimu, akageuka kutafuta msaada. Hajati alikuwa ametazama pembeni, kikapu kwapani.

Ndipo Aryemo akasema jambo alilokaa nalo tangu utotoni. Chini ya kambi yao kuna chemchemi, na mvua ikinyesha, chai inayopikwa kwa maji yake huwa nyeusi kama wino. “Nadhani ni madini ya chuma, lakini sina vifaa. Naomba unipokee, nije niyapime kwako.”

“Maji hayo mnakunywa?”

“Tangu nizaliwe.”

Abdul-Latif aliweka ndizi chini. Akataka kujua mvua kubwa au ya manyunyu, na maji hukaa hivyo mpaka lini, na Aryemo akamjibu, mara mbili akambishia, mpaka mwenye meza ya ndizi akawaomba wasogee wateja wapite. Mwishowe Aryemo akaambiwa alete chupa ya maji hayo Jumatatu, pamoja na barua ya chuo.

Abdul-Latif akainua macho. “Na wewe, Hajati, mbona umesimama huko?”

“Niko kazini, afande,” Halimah akajibu, macho bado kwenye umati.