Abiria wa Kona ya Mwisho

Mi sinywi pombe, na siku ile sikuwa na malaria. Natangulia kusema hivyo kwa sababu kila nikielezea kisa hiki, batu banauliza hayo kwanza. Jua lilikuwa bado linawaka. Ukitaka uamini, usipotaka uache, lakini kilinipata mi mwenyewe.

Kazi yangu ni kubeba batu na pikipiki hapa Kolwezi, zaidi bachimbaji ba mugodi wa Musonoi. Mbio nilijifunzia kwao, maana muchimbaji akichelewa hakuachi upumue. Halafu nikaanza kushindana na benzangu kila siku ya Mungu, kwenye barabara ya zamani ya malori upande wa Mashamba. Fundi wetu, tata Ilunga, njo alitufundisha: freni unashika kupunguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake, macho unayapeleka kule unataka kutokea. Kusikia ni rahisi. Kwenye kona ya mwisho mi nilikuwa nafunga gazi kila mara, pikipiki inapoteza mwendo. Woga tu, sifichi.

Tata Ilunga alitaka kuchagua mutu mumoja wa kwenda kushindana mbio za pikipiki Lubumbashi. Nafasi ile ilikuwa ya rafiki yangu Kasongo, alikuwa anatushinda bote. Lori likamugonga kwenye barabara ya Nzilo, akafa. Basi mi nikaitaka ile nafasi. Ee, niliitaka sana, hata tukiwa tunamulilia.

Motari, mubeba batu na pikipiki kama mi, akifa kwetu, benzake banamusindikiza na pikipiki, majani mabichi yamefungwa mbele. Mukitoka makaburini munapita kwanza kwenye kilio, nyumbani kwa marehemu. Kwenye mulango kunakuwa beseni ya maji, munanawa mikono ndipo mushike kitu kingine. Bote balinawa. Mi nilienda moja kwa moja Mashamba. Tata Ilunga mugongo ulimuuma, hakufika kuzika, alikuwa anatungojea kule atupime. Nilitaka anione mi wa kwanza.

Nikaianza ile barabara ya mbio peke yangu. Karibu na kona ya mwisho pikipiki ikashuka nyuma, kama vile mutu mukubwa amepanda. Utaniambia ni shimo. Mi nabeba batu kila siku, nisijue uzito wa mutu? Magoti yakanibana kiunoni. Nikaangalia pembeni: kivuli chetu kwenye udongo mwekundu kilikuwa na bichwa mbili. Mukono ukataka kufunga gazi.

“Acha,” sauti ikaniambia sikioni. “Usifunge. Bado. Sasa inamisha.”

Nikainamisha. Ile kona nilipita kama si mi. Na sauti ya Kasongo naijua, tulikula sahani moja. Tulipotoka kwenye kona ikasema polepole, “Lubumbashi tunaenda bote.” Halafu pikipiki ikawa nyepesi.

Tata Ilunga alikuwa mwisho wa barabara, anacheka kwa furaha. Akasema nafasi ni yangu. Kisha akaangalia kiti nyuma yangu.

“Yule mwenzako ameshukia wapi?”

Nikamuambia achague mutu mwingine. Alikasirika, akaniita muoga. Kasongo njo alishinda siku ile. Mi nilimubeba tu.

Nilirudi kwenye kilio, nikanawa. Pasta akaniombea. Mwenzetu mwingine akaenda Lubumbashi, na roho iliniuma vibaya, siwezi kukudanganya. Mpaka leo naenda polepole. Batu bananicheka, bengine banashuka katikati ya njia batafute motari mwingine. Lakini nikiongeza gazi kidogo tu, pikipiki inashuka nyuma, hata kama kiti tayari kiko na abiria.

Kwa hiyo ukitoka kuzika, nawa kwanza, hata kama kuna mutu anakungoja. Na siku utapanda kwangu, tafadhali usiniambie niharakishe. Nikiharakisha tutakuwa batatu.