Shibiri Moja Kutoka Kwenye Kijani

Mwezi uliopita nilikuwa stesheni ya Tabora nikisubiri treni, na simu ya mtu nyuma yangu ikalia kwa mlio ule wa kompyuta za zamani, zile noti chache laini zilizokuwa zikisikika kila ulipowasha mashine. Mwenye simu alipokea, akaanza kuzungumza habari za magunia ya karanga. Mimi nilibaki nimeshika mfuko wangu, na puani nikasikia vumbi lililopashwa moto na feni, limechanganyika na asali. Wasomaji wangu, harufu hiyo haikuwepo pale stesheni. Ilitoka mtaa wa Chemchem, hapa hapa Tabora, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, nilipokuwa darasa la sita.

Chumba kile kilikuwa kazi ya baba. Mwanzoni alikuwa fundi cherehani, baadaye akanunua kompyuta na printa za mtumba, akaandika mlangoni kwamba anachapa, anatoa kopi na anatengeneza kadi za harusi. Cherehani ilisukumwa kwenye kona, na juu yake mama akapanga madumu ya asali aliyokuwa akiuza. Basi kila kitu mle ndani kilinata kidogo. Wapo watu Tabora waliozikwa kwa ratiba zinazonukia asali, na sijasikia aliyelalamika.

Baba alichapa kwa vidole vyote bila kutazama, ufundi aliojifunza kwenye taipureta ujanani, huku mteja au mimi tukimsomea maneno. Ila kwenye kioo cha kompyuta alikuwa na mtindo wake. Alipotaka kufungua kitu, aliweka kidole gumba juu ya kile kitufe cha kijani cha Windows, chini kushoto, akatanua kiganja kwenda juu. Kidole chake cha mwisho kilipofika ndipo palipokuwa na programu ya kuandikia. Shibiri moja kamili. Vidole vinne chini yake, folda ya kanisa. Kisha aliusogeza mshale hadi kwenye kidole, na mshale wenyewe alikuwa ameukuza ukawa mnene kuliko wa mtu yeyote mjini. Nilidhani ni maringo. Kuhusu shibiri sikujiuliza kabisa, maana kwetu, kando ya barabara ambayo husemwa misafara ya Ujiji ilipita, vitambaa vimepimwa kwa mkono tangu hapo, na niliona ni sawa tu kompyuta nayo ipimwe.

Kila ukurasa ukishatoka kwenye printa, alinikabidhi mimi. "Soma kwa sauti, mayu," aliniambia. Mayu kwa Kinyamwezi ni mama, na mimi nimerithi jina la mama yake. Nikisoma, alifumba macho. Nikikosea kituo, alisema, "Hapo umekimbia, rudi." Wateja aliwaeleza kwamba ananipa mazoezi ya kusoma, nao wakamsifu kwa malezi bora.

Halafu mashine ikafa. Iliuawa na virusi vilivyoingia kwa flashi za wateja, ikawa inawaka na kuzimika. Alikuwepo frateri, mwanafunzi wa upadri wa seminari ya Kipalapala, aliyekuwa akichapisha insha zake kwetu, kijana mpole mwenye kandambili. Akaja na diski, akatuwekea mfumo wa bure unaoitwa Linux, kwa sababu mashine yetu ilikuwa dhaifu mno kubeba Windows mpya. Kazi ilimchukua mchana mzima, na mashine ikafufuka, nyepesi kuliko zamani. Nilifurahi mno.

Baba akaketi, akapeleka kidole gumba pembeni chini. Pale palikuwa na kijivu kitupu. Upau wote, ule mstari wa vitufe, ulikuwa umehamia juu, na vitufe vilikuwa na sura nyingine. Akatanua kiganja, akakikunja, akatanua tena. Akainuka.

"Hii si mashine yangu," alisema.

Nilimwonyesha kila kitu kilipo, akaitikia kwa kichwa, lakini hakuketi tena. Kesho yake na siku zilizofuata alikaa kizingitini. Mwalimu wa kwaya alikuwa anahitaji kijitabu cha nyimbo za Pasaka kabla ya Jumapili ya Matawi, akaja, akakuta hakijaanzwa, akasema kwa upole kwamba stendi kuna duka jingine. Jioni ile nikamsikia baba akimwambia mama kwamba anauza vifaa vyote, tunahamia Usoke kwa baba mdogo kulima tumbaku. Mama hakubisha. Hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu mama alibisha hata bei ya chumvi.

Mimi nilikuwa na shule yangu, rafiki zangu, na kiburi changu. Usoke siendi. Kama baba anataka mashine yake ya zamani, nitamrudishia mashine yake ya zamani.

Frateri alikuwa amenionyesha kwamba mfumo ule haukufungwa. Kila kitu unaweza kukihamisha na kukipaka rangi. Nikitoka shule nilitupa mkoba na kuketi. Nikaushusha upau chini, nikaupaka bluu. Nikachora kitufe cha kijani kwa programu ya kuchorea, nikaharibu, nikachora, hadi kikapata mviringo wake. Mshale nikaunenepesha. Ile picha ya kilima cha majani na mawingu iliyokuwa ikijaza kioo zamani sikuweza kuipata. Baba alikuwa ameniambia ilipigwa Igunga wakati wa masika, nami nilimwamini hadi nilipofika sekondari. Basi nikachora kilima changu, kikatoka kama kichuguu cha kijani, nikakiacha hivyo hivyo.

Alama za programu nikazipanga kwa mstari, zikiachana sawasawa, nadhifu kuliko zilivyokuwa. Nikamwita baba. Akaweka gumba kwenye kijani, nikaona mabega yake yakishuka kwa nafuu. Akatanua kiganja. Kidole kikaangukia patupu.

"Umeikosea."

"Ni vidole viwili tu, baba."

"Vidole viwili ni kanzu nzima imeharibika," alisema, akarudi kizingitini.

Nililia kwa hasira. Nilimwona mtu mkaidi, anayetaka kutuhamisha wote kwa sababu ya vidole viwili. Machozi yalipokauka, jua la alasiri lilikuwa limeingia dirishani likakipiga kioo ubavuni, na nikayaona. Kompyuta ilikuwa imebadilika tumboni tu. Kioo kilikuwa kilekile. Na juu yake palikuwa na madoa ya vidole vya baba, vidole vya asali, yamegandwa na vumbi miaka yote ile. Doa la gumba lilikuwa pembeni chini, la kidole cha mwisho shibiri moja juu yake, na mengine chini yake, kila moja mahali pake.

Nikaanza kuburuta kila alama hadi chini ya doa lake. Mama akaingia na kitambaa kibichi, tayari kupangusa. "Kioo hiki kinatia aibu," alisema.

"Usikiguse, mama. Ndivyo anavyojua vilipo."

Alinitazama, akatazama yale madoa, kwa muda mrefu kidogo. Akakunja kitambaa akatoka. Nilidhani nimemshinda.

Kilichobaki ni mlio. Frateri aliutoa kwenye kompyuta ya zamani huko seminari, akaniletea kwenye flashi. Nilipoizima mashine na kuiwasha, zile noti zikatoka, na baba akageuza shingo pale kizingitini. Akaja. Gumba kwenye kijani. Kiganja kikatanuka, kidole kikatua. Akacheka peke yake, cheko fupi, akaanza kuchapa nyimbo za Pasaka, nami nikazisoma zote kwa sauti. Kijitabu kilitoka kabla ya Matawi. Usoke hatukuenda.

Nilimaliza shule nikiamini kwamba nilimshinda baba kwa ukaidi. Nilikuwa tayari na kazi yangu, ya kusoma taarifa ya habari kwenye redio moja ya hapa mjini, nilipomsindikiza kliniki ya macho. Daktari alimpima, akasema ni presha ya macho, na imekaa muda mrefu. Akamuuliza ni lini alisoma maandishi kwa mara ya mwisho.

Baba alifikiri. "Huyu alikuwa darasa la tatu," alisema, akinigusa goti.

"Na uchapaji ulikuwa unafanyaje?"

"Rangi nilikuwa naziona. Kijani kile nilikiona. Kutoka kijani najua njia." Kisha akaongeza, taratibu, kama mtu anayeomba radhi, "Watu wasingeleta kazi kwa asiyeona, daktari. Na huyu alikuwa hajamaliza shule."

Nilitoka nje nikalia kuliko siku ya vidole viwili.

Siku hizi haoni hata kijani. Jioni husikiliza redio, na nikirudi nyumbani huniambia wapi nilikimbia. Kompyuta ile imeshazimika kabisa, ila bado iko kwenye chumba cha mbele. Jumamosi iliyopita nilimtazama mama akifanya usafi. Alipangusa cherehani, madumu, meza, printa. Alipofika kwenye kioo, akainua kitambaa, akayaruka madoa.