Kokteli Isiyoonjwa

Watu wa Tunduma tunajua kuficha. Tumeficha sukari, tumeficha mbolea, na njia za panya tunazipita hata pasipo mbalamwezi. Basi niliposikia mjini kuna baa ya siri, nilitegemea siri ya maana. Bodaboda wa kwanza tuliyemsimamisha akasema, "Ile ya siri? Pandeni," akatupakia mshikaki wote watatu na kutushusha mlangoni. Mlangoni palikuwa na foleni.

Tulikuwa mimi, mwenzetu anayeuza vitenge upande wa Zambia, na rafiki yetu muuguzi, mzaliwa wa Igamba, ambaye ndiye aliyekuwa na jambo. Jumapili mshenga alitakiwa kwenda kwao na posa, na rafiki yetu alikuwa hajamwambia mchumba wake kama mshenga aje au asije. Alitaka tumpime huyo mwanamume kwanza. Mwanamume mwenyewe ndiye aliyechagua mahali.

Mbele palikuwa na duka la vipuri vya malori. Ulitakiwa kumwambia mlinzi kwamba umefuata tairi la akiba, naye anasukuma rafu, unaingia. Nikasema nimefuata tairi la akiba. Mtu mzima mimi, na gauni la harusini, na viatu vinanibana.

Ndani giza. Unalipia nguo nzuri halafu hakuna anayeiona. Nyuma ya kaunta mtu mwenye kizibao alichoma kijiti cha majani makavu, akakifunika na glasi ili moshi uingie ndani, na watu wakampigia makofi. Kwetu kinywaji chenye harufu ya moshi ni chai iliyopikiwa kuni mbichi, na mpishi huomba radhi.

Mchumba alikuwa ametutangulia. Ni wakala wa forodha, kazaliwa Chapwa hapa hapa kwetu, lakini jioni ile alizungumza kama mtangazaji wa redio ya Dar. Alituagizia wote bila kuuliza. Mwenzetu wa vitenge akapokea glasi yake, akapiga goti la mzaha na kusema, "Natotela mukwai," kama anavyowashukuru wateja wake Wabemba. Mchumba hakucheka. Alitazama meza za jirani kuona kama wamesikia.

Kisha akamsogezea rafiki yetu glasi ndefu yenye moshi. Rafiki yetu hakuigusa. Alisubiri. Halafu akasema taratibu, "Onja basi."

Nieleze kidogo. Kwetu anayekupa pombe huonja kwanza, mbele ya macho yako. Anakuonyesha kwamba hamna kitu ndani, na kama kimo basi mtakufa wote. Hata mahali ambapo hakuna anayemhofia mwenzake, watu bado huonja, maana ndiyo heshima yenyewe. Mwanamume huyu analijua hilo kuliko mimi. Mama yake anapika kimpumu, ile pombe ya ulezi, na sijawahi kumwona akimkabidhi mtu chombo kabla ya kukipitisha kinywani mwake.

"Bebi," mwanamume akasema, kwa sauti ya kusikika hadi kaunta, "hapa siyo kilabuni kwenu Igamba. Hapa hatuwekeani sumu." Akacheka. Meza ya jirani ikacheka pia, maana mjinga hapungukiwi na wasindikizaji.

Nilitaka kummwagia moshi wake usoni, lakini rafiki yetu alinigusa goti chini ya meza. Akaichukua ile glasi, akanywa funda moja yeye mwenyewe, akameza, kisha akamnyooshea mchumba kwa mikono miwili. Nilijua anachofanya. Alikuwa anampa nafasi nyingine, tena kwa adabu ambayo hakuistahili.

Mwanamume akapokea. Akavuta kitambaa cha karatasi, akafuta ukingo wa glasi pale midomo ya rafiki yetu ilipogusa, akaufuta tena, akaikagua kwenye mwanga wa simu. Ndipo akanywa.

Rafiki yetu akasimama. "Mwambie mshenga wako asisumbuke Jumapili."

"Yaani? Kisa kinywaji?"

"Ndiyo."

"Jamani, natania kidogo tu!" Alitugeukia sisi tumsaidie. Mwenzetu wa vitenge alikuwa ameshavaa koti. Mimi nilimtazama tu, na sikujisumbua kuficha nilivyomdharau.

Rafiki yetu hakupandisha sauti. Ndivyo anavyozungumza wodini, na wagonjwa humwelewa. "Mimi kila siku nawasafisha watu nisiowajua," alimwambia, "kwa mikono hii. Wewe umefuta mdomo wangu kama uchafu, na hatujaoana. Siku nikiugua, utanishika na nini?"

Alibaki na kitambaa chake mkononi.