Punda Aliyeitwa Pensheni

Wiki jana nilikwenda na binti yangu kumtazama farasi. Usicheke, rafiki yangu. Mwanamke wa umri wangu, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, nimesimama kwenye kiwanja hapa Mumbuni nikimkagua farasi jike wa kijivu ambaye amezeeka akibeba watoto siku za sikukuu. Mwenye farasi anataka kumpumzisha. Mimi nataka mnyama wa kunibeba polepole kwenye shamba letu la Mitaboni, kwani tangu mwaka juzi mguu huu umekataa ule mteremko na sijafika mtoni. Binti yangu alimtazama yule farasi kuanzia masikio mpaka kwato, akaguna.

"Mum, hii si imefika pensheni!"

Neno hilo lilinishika. Niliomba siku chache za kufikiria, nikarudi nyumbani.

Nililelewa Mitaboni na nyanya yangu, susu kama tunavyosema Kikamba. Nilipokuwa na miaka saba nilianguka kutoka kwenye mpera, na mfupa ukaunga vibaya. Shule ilikuwa ng'ambo ya mto wa mchanga, halafu kuna kilima. Nilikuwa nafika wenzangu wakitoka mapumziko, nimelowa jasho na machozi. Mwalimu alimwita susu, akamwambia kwa upole kwamba afadhali nikae nyumbani mwaka mmoja. Susu alimshukuru, tukaondoka. Lakini alijua vizuri kuliko mwalimu: siku zile msichana akikaa nyumbani mwaka mmoja, basi amekaa. Jioni hiyo alipika muthokoi, na nakumbuka harufu ya yale mahindi yaliyokobolewa yakichemka na maharagwe, na susu akikoroga chungu kwa hasira kana kwamba ndicho kilichonikataza shule.

Siku ya soko alinichukua hadi penye mifugo. Begani alikuwa na madebe mawili matupu ya bati, yamefungwa pamoja kwa kamba ya mkonge. Watu walidhani tunatafuta maji. Mfanyabiashara wa mifugo, Msomali mmoja mwenye makazi yake mjini na ambaye susu alikuwa amemzoea, alimwonyesha punda kijana, mgongo unang'aa, macho makali. Nilimpenda papo hapo. Susu alizunguka nyuma yake, akayabwaga madebe chini kwa nguvu. Rafiki yangu, kelele ile! Yule punda alirusha mateke, akakata kamba, akapita katikati ya mafungu ya nyanya za watu. Soko zima lilicheka, isipokuwa wenye nyanya.

Pembeni alisimama punda mzee, mdomo mweupe, akitafuna maganda ya mahindi. Susu alimpapasa mgongo kutafuta vidonda, akamwinua miguu mmoja mmoja, kisha akayabwaga madebe nyuma yake. Mzee alizungusha sikio moja, akaendelea kula.

"Nataka hii," susu akasema.

"Mama, mimi sitaki kukudanganya," yule mfanyabiashara akamwambia. "Hii imezeeka. Maji itakubebea miaka ngapi?"

"Maji nitabeba mimi. Hii ni ya kubeba mtoto. Nataka punda imeshachoka kukimbia."

Sisi hatukuwa na desturi ya kupanda punda. Punda alikuwa wa maji na magunia, na msichana juu ya punda alikuwa kichekesho cha kijiji. Jirani yetu alisimama kwenye ua wake siku ya kwanza, akashika kiuno, akauliza kama huyo mnyama analipwa pensheni. Jina likamkaa. Hata susu akaanza kumwita hivyo, kwa heshima zote, kama mtumishi wa serikali aliyestaafu.

Pensheni alinibeba miaka mitano. Kiti changu kilikuwa gunia lililojazwa nyasi kavu, na jinsi ya kupanda aliivumbua susu: alimsimamisha punda chini ya tuta la shamba, mimi nikisimama juu ya ukingo, hivi kwamba mgongo wake ulikuwa sawa na magoti yangu. Susu alibaki kule chini, amemshika punda sikio.

"Panda, mwana wakwa. Haendi mahali bila wewe."

Nilikuwa nafika shuleni kabla ya kengele. Waliokuwa wakinicheka walianza kuniomba zamu. Pensheni alikufa mwaka ule mguu wangu ulipopata nguvu ya kutosha kupanda kilima, na nililia kuliko nilivyolia siku ya kuvunjika mfupa.

Leo asubuhi niliingia nyuma ya jikoni. Debe moja la susu bado lipo, nimelipandia dania. Nilimwaga udongo, nikang'oa mizizi, nikaenda nalo Mumbuni. Mwenye farasi alilitazama, akanitazama.

"Mama, hiyo debe ni ya nini?"

"Ngoja utaona."

Nilizunguka nyuma ya farasi, nikakaa mbali na mateke, nikalibwaga kwenye mawe. Farasi alizungusha sikio moja, akaendelea na nyasi zake. Niliyeshtuka ni mimi. Sikuwa nimeisikia sauti ile tangu susu aondoke duniani. Zamani sauti hiyo ndiyo iliyotuamsha kila siku, wanawake wakiteremka mtoni, madebe yakigongana mgongoni mwa punda, mmoja akimwita mwenzake kwa jina. Sasa maji yako kwenye mfereji, mitungi ni ya plastiki, na asubuhi ya Mitaboni ina pikipiki na redio. Nashukuru kwa mfereji, sitaki mtu yeyote arudi kule. Lakini nilisimama pale nikilia mbele ya mtu nisiyemjua vizuri, mikono imejaa kutu, na sikuona aibu.

"Nitamchukua," nikamwambia.

Binti yangu hakubishana tena. Aliuliza tu nitawezaje kupanda mnyama mrefu hivyo na mguu huu. Nilimpeleka shambani, tukatembea taratibu hadi kwenye tuta la kwanza, nikasimama juu ya ukingo. Kisha nikamwonyesha kule chini, mahali atakaposimama yeye, amemshika farasi.